Paranoid au Heaven and Hell: uanze na Black Sabbath ya nani?

Ozzy Osbourne, mwimbaji wa kwanza wa Black Sabbath, bendi ya hevi metali (roki nzito ya magitaa ya umeme), alipofariki Julai 2025, haikupita wiki mbili mpwa wangu akanipigia simu kutoka Tanga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mjomba, huyu mzee aliyekufa Uingereza, ndiye wa ile fulana yako nyeusi?"

Ndiye. Kijana alikuwa ameona video za Birmingham: gari la maiti linakwenda taratibu kwenye barabara ya Broad Street, mbele yake matarumbeta kama ya harusi, na kwenye Daraja la Black Sabbath maua yamerundikana, wanaume wenye ndevu nyeupe wanafuta machozi bila aibu. Akataka kujua muziki gani huo unaoliza wazee. Kisha akauliza: "Nikitaka kuanza, nianze na albamu ipi?"

Jibu la kawaida ni Paranoid. Lilikuwa limenifika kwenye ulimi, nikalimeza. Kijana huyu amekulia kwenye nyumba ya taarabu. Mama yake, dada yangu, hata akichambua mchele anaimba, na kwao wimbo ni sauti ya mtu kwanza, vyombo vinafuata nyuma. Nikamwambia aningoje, nitamwandikia. Nilichomwandikia ndicho hiki, nimekirefusha kidogo kwa ajili ya wengine waliosimama kwenye njia panda ile ile: Paranoid, albamu ya 1970 ya Ozzy, au Heaven and Hell, ya 1980, ya Ronnie James Dio aliyemrithi.

Bendi moja, sauti mbili

Black Sabbath walianza wakiwa vijana wanne wa Aston, mtaa wa watu wa viwandani mjini Birmingham. Tony Iommi gitaa, Geezer Butler besi, Bill Ward drumu, Ozzy kuimba. Albamu ya kwanza ilitoka Februari 1970. Paranoid ni ya pili, ikatoka Septemba mwaka huo huo, kabla watu hawajamaliza kushangaa ile ya kwanza.

Heaven and Hell ilitoka Aprili 1980. Iommi yumo, Butler yumo, Ward yumo. Ozzy alikuwa amefukuzwa mwaka uliotangulia kwa sababu ya pombe na madawa (waliomfukuza nao hawakuwa watawa), na nafasi yake akachukua Dio, Mmarekani mfupi wa asili ya Kiitaliano aliyetoka kwenye bendi ya Rainbow. Kwa hesabu, aliyebadilika ni mtu mmoja kati ya wanne. Kwa masikio ni kama nyumba ile ile imehamiwa na ukoo mwingine.

Ulinganisho wenyewe ni wa haki kabisa. Kila moja ina nyimbo 8, na hakuna inayofika dakika 45. Unaweza kuzisikiliza zote mbili kwenye safari ya basi na bado ukabakiwa na muda wa kulala.

Vidole vya Iommi

Kabla ya kuchagua, mjue mtu aliye kwenye albamu zote mbili, maana bila yeye hakuna hata moja. Iommi alikuwa na miaka 17, yuko kazini kwenye kiwanda cha mabati, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya kuacha kazi aende kupiga muziki. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole vilivyokatwa ndivyo vya kubania nyuzi. Msimamizi wake wa kiwandani akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeungua mkono akabaki na vidole viwili vya kutegemea, lakini akapiga kuliko wenye vitano.

Iommi akachukua chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akaiyeyusha, akafinyanga kastabini mbili za kuvalisha vidole, akazifunika kwa ngozi ili zishike nyuzi. Kastabini, kama za fundi cherehani. Akaweka nyuzi nyembamba zisimuumize, akazoea kupiga noti mbilimbili nzito badala ya kujaza vidole vyote. Wengi hudhani pia kwamba alilegeza nyuzi tangu mwanzo. Hilo lilikuja na albamu ya tatu, mwaka 1971. Uzito unaousikia kwenye Paranoid unatoka kwenye vidole vya plastiki na nyuzi zilizokazwa kama za mtu yeyote.

Nimekaa hapa makusudi. Ukiipenda hevi metali, kokote utakakoingilia, utakutana na vidole vile.

Paranoid: wanne ndani ya chumba kimoja

Ilirekodiwa London kwa siku chache, Juni 1970, chini ya prodyuza Rodger Bain. Ilikuwa iitwe War Pigs. Nyimbo zikaonekana hazitoshi, wakatakiwa waongeze kitu kifupi cha kujazia. Iommi akapiga gitaa, wenzake wakamfuata, na kwa muda wa kunywa chai wimbo ukawa umepatikana. Ndio Paranoid. Ulitoka kama singo ukapanda hadi nafasi ya 4 Uingereza, jina la albamu likabadilishwa kuufuata, lakini jalada lilikuwa limeshatengenezwa. Ndiyo maana hadi leo kwenye jalada kuna mtu mwenye kofia ngumu, upanga na ngao, anachomoka gizani kwa rangi za ukungu wa waridi, na hakuna anayeelewa ana uhusiano gani na jina lililo juu yake. Alikuwa ni mpiganaji wa vita iliyofutwa.

Ukiiweka, wa kwanza kukupokea ni War Pigs, karibu dakika nane. Inaanza polepole, king'ora cha vita kinalia kwa mbali. Kisha kila kitu kinakatika. Kinachobaki ni matoazi mawili ya Bill Ward, tsi-tsi-tsi, kama saa ya ukutani. Gitaa linapiga mara mbili, linanyamaza. Kwenye kimya hicho Ozzy anaingia peke yake, akiwasema majenerali wanaopanga vita na wanasiasa wanaowatuma maskini wakafe. Mistari miwili ya kwanza inafungwa kwa neno lile lile kuwa ndicho kina chake. Malenga wetu yeyote angecheka na kusema huyu hajui vina. Lakini nenda kwenye tamasha lolote ambapo wimbo huo unapigwa, usikilize maelfu ya watu wanavyolitamka neno hilo mara mbili kwa pamoja, wamelikazia. Kosa limeshageuka kuwa mali ya umma. Hata mwishoni, pale mkanda unapoongezwa kasi mpaka gitaa linalia kama ndege aliyetishwa, watu wanaupenda upuuzi huo.

Ndivyo Paranoid inavyopendwa kwa jumla. Wahakiki wengi wa wakati ule waliikebehi, na si kwamba walisikia vibaya. Sauti ya Ozzy ni nyembamba, inapitia puani, haipambi kitu. Kwenye Iron Man anaifuata gitaa noti kwa noti, kama mtoto anayefuatisha kidole cha mwalimu kwenye ubao. Lakini kwa sababu hiyo hiyo kila mtu anaweza kuimba naye. Hakuna anayehisi kwamba anamharibia.

Maneno mengi aliandika Geezer Butler, na hayana mapambo. Hand of Doom inamhusu askari anayerudi kutoka Vietnam na sindano ya heroini. Electric Funeral ni hofu ya bomu la nyuklia. Ukiwa na wazo kwamba metali ni mazimwi na majoka tu, albamu hii itakusahihisha mapema. Katikati wameweka Planet Caravan, wimbo mpole kabisa, ngoma za mkono, filimbi, sauti ya Ozzy imepitishwa kwenye spika inayozunguka mpaka inatetemeka kama kivuli kwenye maji. Usiuruke. Rat Salad unaweza kuuruka, ni drumu za kujionyesha, ingawa ukimpenda Ward utaurudia: yule bwana amelelewa na jazi, na anapiga mambo mazito kwa mikono myepesi.

Heaven and Hell: mwimbaji kaja na ngazi

Hapa mambo yamepangwa. Prodyuza ni Martin Birch, aliyewahi kufanya kazi na Dio kwenye Rainbow, na ambaye baadaye alianza na bendi ya Iron Maiden akakaa nao hadi 1992. Ukisikia kila kitu kina nafasi yake, gitaa limepanuka kushoto na kulia, sauti iko mbele safi, ni yeye. Walirekodi Miami na Paris. Hali ndani ya bendi haikuwa safi hivyo: Butler aliondoka kwa muda kwa mambo ya nyumbani akarudi, na Ward pombe ilikuwa imemshika, akaiacha ziara katikati Agosti 1980. Albamu yenyewe haikuonyeshi lolote kati ya hayo.

Tofauti kubwa ni hii. Ozzy anatembea juu ya gitaa, Dio anatembea kulikatiza. Gitaa linapokwenda chini yeye anapanda, linaponyamaza yeye anajaza, linapojirudia yeye anasimulia jambo jipya. Msikilize kwenye Children of the Sea: gitaa kavu, sauti ya chini ya mtu anayekusogelea akuambie siri, halafu gitaa la umeme linaanguka kama mlango wa chuma na sauti ile ile inasimama juu yake bila kukuna koo.

Wimbo wenye jina la albamu ndio kipimo. Iommi anaanza na kipande kipana, kizito, cha kujirudia. Dio anapoingia, gitaa linajitoa. Linabaki besi la Butler, noti moja inadunda, inadunda, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, na juu yake ile sauti. Mwenye spika ndogo za simu hatasikia besi hilo, kwa hiyo hatausikia wimbo. Dakika ya tano hivi unabadilika ukawa mbio, na baada ya mbio zote unaishia kwenye gitaa kavu la peke yake. Hapo mimi huwa nazima kwa dakika moja kabla ya kuruhusu wimbo unaofuata.

Dio aliandika maneno mwenyewe, na anasema kwa mafumbo: wafalme, moto, taa za mjini, mema na mabaya kwenye kifua cha mtu mmoja. Shabiki wa Geezer atakwambia hayo ni maneno ya hadithi za watoto. Lakini mtu aliyelelewa na taarabu anajua kwamba fumbo si kukimbia ukweli, ni kuukalia mkao mwingine. Halafu anatamka. Kila silabi imekaa mahali pake, unaweza kumwandika kama imla. Kwa sisi ambao Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu, hilo si jambo dogo.

Kasoro? Lady Evil na Walk Away ni nyimbo nzuri za bendi nyingine yoyote. Hapa zinaonekana zimesimama nyuma ya nguzo. Na ule ufundi wote una bei yake. Ukiimba pamoja na Dio bafuni, unajiaibisha.

Mashabiki na ugomvi wao

Kwa namba, hakuna mashindano. Paranoid ilishika namba moja Uingereza, na bendi haikurudi tena kileleni hapo hadi 2013, miaka 43 baadaye. Marekani imetambuliwa kwa mauzo ya nakala milioni 4. Heaven and Hell ilifika nafasi ya 9 Uingereza, na Marekani imefikisha milioni moja. Iron Man, iliyopigwa jukwaani upya na wale wanne, ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2000, watoto wa mashabiki wa kwanza wakiwa tayari watu wazima.

Na tarehe 5 Julai 2025, kwenye uwanja wa Villa Park, hatua chache kutoka mitaa waliyokulia, wale wanne wakakutana jukwaani kwa mara ya mwisho. Ozzy alikuwa na ugonjwa wa Parkinson, akaimba ameketi kwenye kiti cheusi cha enzi. Walipiga nyimbo nne tu. Tatu kati ya hizo zimo ndani ya Paranoid. Siku kumi na saba baadaye alifariki, akiwa na miaka 76.

Mashabiki wa Dio wana majeraha yao. Black Sabbath walipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki, mwaka 2006, waliotajwa ni wale wanne wa mwanzo, Dio hakuwemo. Baadaye yeye, Iommi na Butler walipoungana tena pamoja na mpiga drumu Vinny Appice, walizunguka dunia kwa jina la Heaven & Hell. Fikiria hilo: albamu imependwa mpaka ikazaa jina la bendi. Dio alifariki Mei 2010 kwa saratani ya tumbo.

Hata hivyo kuna kitu kimoja cha Dio ambacho hata anayemchukia anakifanya kila tamasha: zile pembe mbili za vidole, cha shahada na cha mwisho. Ozzy alikuwa akionyesha ishara ya amani, Dio akataka yake, akaikumbuka ya bibi yake Mtaliano aliyeitumia kuzuia jicho la husuda. Bibi yangu mimi angemwelewa bila mkalimani. Yeye alimpaka mtoto wanja kwenye paji la uso kwa kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo kila ninapoona uwanja mzima umeinua pembe na mtu anasema ni alama ya shetani, namwambia ni dawa ya kijicho.

Suala la mama

Nilijua litakuja. Dada yangu aliona picha kwenye simu ya mwanawe, akanitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, malaika wanavuta sigara? Na karata?" Ni kweli, kwenye jalada la Heaven and Hell kuna malaika watatu wanavuta na kucheza karata, mchoro wa Lynn Curlee. La Paranoid alilitazama akauliza yule ni mlinzi wa usiku wa wapi.

Kama nyumbani kwenu kuna maswali ya namna hii, majibu ninayotoa ni haya. Butler amelelewa Mkatoliki. Misalaba waliyovaa shingoni mwanzoni ilitengenezwa na baba yake Iommi. War Pigs inaishia kwa majenerali kupiga magoti siku ya hukumu, na Hand of Doom ni onyo la dawa za kulevya lililo kali kuliko mabango mengi ya serikali. Jina la bendi linatisha kuliko bendi. Lakini kwa amani ya sebuleni, jalada la mlinzi wa usiku lina matatizo machache.

Nani achukue ipi

Kama unasikiliza ngoma na besi kwanza, kama unapenda rekodi ambayo unasikia chumba na watu waliomo, kama muziki wako ni wa kelele za pamoja, chukua Paranoid na usiangalie nyuma. Ukipenda hip hop utaiingia haraka: vipande vya gitaa vinavyojirudia, mtu anasema ya mtaani kwake. Vilevile ichukue kama unataka kujua bendi nyingine zimetoka wapi. Ukiijua hii, nusu ya hevi metali utakuwa umeshakutana na wazazi wake.

Kama unamfuata mwimbaji, kama rekodi za zamani zinakuchosha masikio, kama umelelewa na kwaya, kasida au taarabu, chukua Heaven and Hell. Utaingia kwa mlango uliouzoea. Paranoid utaikuta baadaye na utaielewa zaidi, kwa sababu utakuwa umeshamjua Iommi akiwa amevaa nadhifu kabla ya kumwona na nguo za kazini.

Mimi mwenyewe naipenda zaidi Paranoid. Ila wimbo mmoja bora wa albamu zote mbili, kwangu, ni Heaven and Hell. Sijawahi kupata namna ya kuyapatanisha mawili hayo na nimeacha kujaribu.

Kwa vyovyote tafuta spika za masikioni, hata za bei rahisi, usitegemee simu. Na kama toleo unalolipata limeongezewa nyimbo za jukwaani mwishoni, simamisha baada ya wimbo wa 8. Fairies Wear Boots na Lonely Is the Word ziliwekwa mwisho kwa sababu ni za kufungia mlango.

Mpwa wangu nilimwambia aanze na ya Dio, upande wa kwanza, na kesho yake ndiyo aende kwa Ozzy. Usiku huo huo nikapata ujumbe. "Mjomba, samahani, nimeanza na ile nyingine. Kile king'ora cha mwanzo, mama katoka jikoni anakimbia, anauliza moto uko nyumba ya nani."